Sampuli za Malindi Zikae Wapi: Friza ya Kila Mtafiti, Benki ya Pamoja, au Kilifi?

Mtoto mwenye selimundu (sickle cell) akitolewa damu hospitalini, vipimo vya siku ile huwa havimalizi kichupa. Kinachobaki hutupwa pamoja na taka za maabara, au huwekwa. Kikiwekwa ipasavyo, pamoja na maelezo ya ugonjwa na ridhaa ya mzazi, baada ya miaka kinaweza kujibu swali ambalo leo hakuna aliyeliuliza.

Hapa kwetu Pwani tumeshaliona hilo. Mwaka 2020, corona ilipokuwa ngeni na vipimo ni vya kutafuta kwa tochi, wataalamu wa kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI-Wellcome Trust kilichoko Kilifi walitumia mabaki ya damu ya watu waliojitolea kuchangia. Walipima kingamwili katika sampuli 3,098 za kati ya Aprili na Juni, wakakadiria kwamba asilimia 4.3 hivi ya Wakenya wa umri wa kuchangia damu walikuwa tayari wameguswa na virusi. Hesabu za wagonjwa waliothibitishwa zilikuwa ndogo mno kuliko hiyo. Hakuna aliyetolewa damu upya kwa kazi ile.

Kwa hiyo hospitali ya mji kama Malindi inapofikiria kuhifadhi sampuli kwa ajili ya utafiti, swali si kama zina faida. Swali ni zikae wapi na nani awe na dhamana nazo. Njia ni tatu: kila mtafiti na friza yake, benki moja ya sampuli inayotumiwa na wote ndani ya hospitali, au kupeleka kila kitu kwenye kituo kile cha Kilifi. Nitazilinganisha na kusema ninayoiunga mkono, kwa sababu uamuzi huu hautakiwi kuachiwa wauza mitambo.

Friza ya kila mtafiti

Hii ndiyo njia inayokuja yenyewe pasipo mtu kuamua. Mradi unaingia na fedha zake, unanunua friza, unaajiri watu wawili watatu, kazi inaanza wiki hiyo hiyo. Hakuna kamati ya kusubiri. Mwenye mradi anaijua kila sampuli yake na anaichunga kama mboni ya jicho, na kwa utafiti mmoja wenye swali moja na muda mfupi, sioni sababu ya kumzuia.

Taabu huanza fedha zikikatika. Friza inabaki ukutani inanguruma, stima inalipwa na hospitali, na ndani mna vichupa vyenye namba ambazo daftari lake liko kwenye kompyuta ya mtu aliyehamia Nairobi. Fomu za ridhaa hazionekani. Hapo sampuli imegeuka mzigo: huwezi kuitumia maana hujui mwenyewe alikubali nini, na kuitupa roho inakataa. Idara nyingine ikitaka damu ya watoto wa rika lile lile ili kulinganisha, inaanza upya kuwachoma sindano watoto wengine. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi ya yote.

Benki ya pamoja

Hapa panakuwa na chumba kimoja, rejista moja, mtindo mmoja wa kuandika lebo, na msimamizi mmoja ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Kliniki ya selimundu, wodi ya wazazi, kifua kikuu, kisukari, wote wanaleta na wote wanaomba kwa utaratibu mmoja. Sampuli ya mgonjwa na ya mtu mzima wa afya wa mtaa ule ule zinakaa jirani, na bila hiyo ya pili utafiti mwingi hauna cha kulinganishia.

Faida kubwa ni vile vitu ambavyo mradi mmoja haumudu peke yake: jenereta yenye mafuta, kengele inayopiga simu friza ikipanda joto, na friza ya ziada iliyo tupu na baridi, ikingoja siku nyingine itakapozimika. Watu wa fedha hupenda kuifuta ile friza tupu kwenye bajeti kwa kuwa wanaiona haifanyi kazi. Isifutwe. Siku ya msiba, hiyo ndiyo itakayookoa zote.

Hatari yake nayo ni kubwa kwa kiasi hicho hicho, maana ukipoteza unapoteza kwa wote. Mwaka 2012, katika hospitali ya McLean nchini Marekani, friza ya benki ya ubongo iliyo chini ya Harvard iliharibika, na bongo 54 za watu waliokuwa na usonji zikaathirika, ingawa kulikuwa na vipimajoto na kengele. Desemba 2023, taasisi ya Karolinska ya Sweden ilipoteza sampuli za miongo mingi baada ya nitrojeni ya majimaji, ile inayozigandisha, kukatika kwenye matangi 16 wakati wa likizo ya Krismasi. Hao ni watu wenye fedha na ujuzi. Jambo la kujifunza hapo ni kwamba mitambo haikosi siku ya kulala, na ni lazima pawe na binadamu aliye macho.

Kilifi

Kituo cha KEMRI-Wellcome Trust kipo Kilifi tangu 1989, ubavuni mwa hospitali ya kaunti. Tangu 2000 kinafuatilia vizazi, vifo na uhamaji wa zaidi ya watu robo milioni wa kaunti hiyo, kwa hiyo sampuli huko haikai peke yake. Inaweza kuunganishwa na historia ya afya ya eneo. Wana nitrojeni, wana mafundi, wana watu wa zamu. Chuo Kikuu cha Pwani kiko mji huo huo. Kwa uzoefu, hakuna mahali Pwani panapokikaribia kituo hicho.

Toka Malindi ni kilomita 60 hivi, barabara ya lami, na asubuhi gari hufika kwa kama saa moja. Kwa siku za kawaida hilo si tatizo hata kwa damu inayotakiwa kutenganishwa mapema. Lakini tusisahau Novemba 2023, mvua za El Niño zilipokata barabara pale daraja la Mbogolo na magari ya Malindi na Mombasa yakakwama. Hospitali isiyo na friza ya maana yake yenyewe, siku kama hizo sampuli zake huishia kwenye kisanduku cha barafu mpaka barafu iyeyuke.

Kuna jingine, gumu zaidi kulipima. Hospitali inayokusanya tu na kupeleka, miaka kumi baadaye bado inakusanya tu na kupeleka. Wataalamu wake wa maabara hawakui. Daktari kijana wa Malindi mwenye swali zuri kuhusu wagonjwa wake anaandika barua kuomba damu iliyotoka wodini kwake. Huenda akapewa, na kwa heshima. Ila mji hujenga ujuzi kwa kushika kazi mkononi.

Joto, chumvi na stima

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana kweli, na ndipo wauzaji wa mitambo wanapozungumza kidogo.

Friza ya utafiti hukaa nyuzi 80 chini ya sifuri. Ili ifike huko inatoa joto lote nje, ndani ya chumba ilimo. Friza nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 30 au 32. Sasa fikiria Malindi wakati wa kaskazi, Februari na Machi, upepo umelala na hewa imejaa unyevu. Friza moja ndani ya chumba kidogo kisicho na kiyoyozi inajipikia yenyewe. Mbili zikiwa pamoja zinapikana. Mota inafanya kazi bila kupumzika na maisha yake yanafupika. Kila mlango unapofunguliwa, unyevu unaingia na kuganda kwenye mpira wa mlango, mpaka siku moja mlango haufungi sawasawa na hakuna aliyegundua.

Kisha kuna chumvi. Kila mwenye nyumba karibu na bahari anajua inavyowala vyuma wakati wa kusi. Yale mapezi membamba nyuma ya friza yanayotoa joto ndiyo huanza kuliwa. Chumba cha benki kisielekee baharini, kiwe na kichujio cha hewa, na usafishaji wa mapezi uandikwe kwenye ratiba kama vile zamu za wauguzi zinavyoandikwa.

Stima ni hadithi yake. Usiku wa 25 Agosti 2023 giza liliikumba karibu nchi nzima, na mwaka ule ule likarudi Novemba na Desemba. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hustahimili saa kadhaa kabla ya hatari. Iliyo nusu tupu hupanda joto haraka zaidi. Jenereta ya hospitali ipo kwanza kwa ajili ya chumba cha upasuaji na watoto njiti, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa. Benki ya sampuli isinyang'anye mstari ule. Iwe na jenereta yake ndogo, na ikiwezekana paneli za jua zenye betri. Jua tunalo: shamba kubwa la umeme wa jua la Langobaya lilijengwa ndani ya eneo letu hili la Malindi kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa kipimo hiki, Kilifi inashinda leo. Friza za watafiti mmoja mmoja zinashindwa vibaya, kwa kuwa kila moja imechomekwa pale palipopatikana soketi. Benki ya pamoja inaweza kuikaribia Kilifi endapo chumba kitajengwa kabla ya mitambo kununuliwa. Ukiona mpango unaoanza na orodha ya friza na kumalizia na chumba, urudishe.

Mnaweka nini hasa?

Swali hili liulizwe mapema kwa sababu linaweza kupunguza gharama sana. Matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu hayahitaji friza ya nyuzi 80. Ndiyo njia inayotumika kusafirisha damu ya vichanga waliozaliwa na mama wenye virusi vya Ukimwi ili wapimwe, na wauguzi wengi wa vituo vidogo wanaijua tayari. Kwa vinasaba na kingamwili kadhaa yanatosha. Adui wake hapa kwetu ni unyevu, kwa hiyo yafungwe vizuri pamoja na vidonge vya kufyonza maji. Vinasaba vilivyokwisha kutolewa kwenye damu hukaa vizuri hata kwa baridi ya friza ya kawaida. Plazma na seramu, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, ndizo zinazotaka nyuzi 80. Chembe hai za damu, zile zinazotakiwa ziamke tena siku ya kupimwa, zinataka nitrojeni ya majimaji yenye nyuzi 196 chini ya sifuri.

Nitrojeni isianzishwe Malindi kwa sasa, huo ndio msimamo wangu. Maafisa wa mifugo wanazunguka vijijini na mitungi ya nitrojeni yenye mbegu za ng'ombe, kwa hiyo si kitu kigeni. Lakini mtungi wa afisa wa mifugo na matangi yasiyotakiwa kukauka hata siku moja kwa miaka 20 ni mambo mawili mbalimbali. Tena ikivuja ndani ya chumba kilichofungwa inafukuza hewa ya oksijeni na mtu anaanguka bila kusikia harufu yoyote. Chembe hai ziende Kilifi.

Ridhaa

Pwani neno mumiani bado lina nguvu. Wazee wetu walitishwa nalo, nasi tukatishwa, kwamba kuna watu wanaotafuta damu za wenzao kwenda kuzifanyia dawa. Ukiweka chumba kilichofungwa hospitalini, chenye friza zilizojaa damu za watu na mlango wenye kufuli la namba, na ukanyamaza, kimya chako kitajazwa na maneno ya watu. Sitawalaumu.

Bibi mmoja wa Maweni aliyemleta mjukuu wake kliniki aliuliza hivi: "Mwanangu, ile damu mliyomtoa mwaka jana iko wapi sasa?" Alikuwa anauliza kitu ambacho ni haki yake kujua. Kwa friza ya mtafiti mmoja, mara nyingi jibu ni kwamba mradi umekwisha. Kilifi jibu lipo kwenye mfumo, lakini bibi hana wa kumuuliza hapa mjini. Kwa benki ya pamoja, ikiwa rejista inatunzwa, msimamizi anaweza kumwonyesha siku hiyo hiyo: ipo, imetumika mara moja, kwa swali hili.

Ridhaa yenyewe ina sura mbili. Moja ni ya swali moja: umekubali damu yako itumike kuchunguza malaria, basi ni malaria tu. Nyingine ni ya upana: umekubali itumike kwa tafiti za afya za baadaye, mradi kila moja ipitishwe na kamati ya maadili. Benki haiwezi kuishi kwa ridhaa ya aina ya kwanza, maana haijui maswali ya kesho. Lakini ridhaa ya upana isiyo na mipaka ni mlango wa dhuluma. Watu wa kabila la Havasupai, Arizona, Marekani, walitoa damu miaka ya 1990 kwa ajili ya utafiti wa kisukari. Baadaye wakagundua imetumika kuchunguza maradhi ya akili na hata chimbuko la kabila lao, kinyume na wanavyoamini wenyewe. Mwaka 2010 chuo kikuu kilichohusika kiliwalipa dola 700,000 na kuwarudishia sampuli zao.

Ndiyo maana ninapendekeza ridhaa ya upana yenye visanduku vya kuchagua, imeandikwa Kiswahili na kusomwa kwa Kigiriama kwa anayetaka: nakubali au sikubali vinasaba vyangu vichunguzwe, nakubali au sikubali sampuli itoke Kenya, nakubali au sikubali kutafutwa kikionekana kitu kinachohusu afya yangu. Mtoto ambaye sampuli yake iliwekwa kwa ridhaa ya mzazi aulizwe mwenyewe akifika miaka 18. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya na za vinasaba kuwa nyeti, na inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake. Haki hiyo haina maana ikiwa kichupa hakipatikani ndani ya friza, na hapo rejista moja kuzishinda rejista saba ni jambo la utu kabla ya kuwa la kitaalamu.

Kamati ya kutoa sampuli nayo isijae madaktari peke yao. Kilifi kwa miaka mingi wamekuwa na wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wakazi, na Malindi inaweza kuanzia hapo: mzazi wa mtoto mwenye selimundu, mtu wa msikitini, mtu wa kanisani, mzee wa kaya ya Kimijikenda. Watu wa hapa wanaelewa vizuri wakf ni nini: mali isiyouzwa wala kurithiwa, yenye msimamizi anayewajibika kwa walioiachiwa. Benki ya sampuli iendeshwe kwa sura hiyo, na wengi hawatahitaji maelezo zaidi.

Fedha

Bei ya friza ndiyo inayotajwa mikutanoni, nayo ni sehemu ndogo. Friza ya zamani ya nyuzi 80 hula yuniti 20 hivi za stima kwa siku, yaani zaidi ya 7,000 kwa mwaka. Mpya za kubana matumizi hula kama nusu yake. Zidisheni kwa bei iliyo kwenye bili yenu, kisha ongezeni kiyoyozi, mafuta, fundi na mishahara. Friza ikiwekwa nyuzi 70 badala ya 80 inapunguza matumizi kwa kiasi cha robo au zaidi, na sampuli nyingi hazidhuriki.

Kwa miradi mmoja mmoja gharama hizi zimejificha ndani ya bili ya hospitali. Kwa Kilifi ni usafiri na makubaliano. Kwa benki ya pamoja zinaonekana zote kwa pamoja na zinatisha, lakini ndizo pekee zinazoweza kugawanywa: kila mradi ulipe kwa kichupa kwa mwaka, na ulipe mapema miaka ya baada ya mradi kwisha. Wafadhili hutoa fedha za aina hii zikiandikwa kwenye ombi tangu mwanzo. Baada ya mradi kufungwa hawatoi.

Ningechagua hivi

Hospitali yenye mradi mmoja au miwili na isiyo na mtu wa kupokea simu ya friza saa nane za usiku, ipeleke Kilifi na isione haya. Hospitali yenye kliniki kadhaa zinazofanya utafiti, na kaunti iliyo tayari kumlipa msimamizi kwa mshahara wa kudumu, ijenge benki ya pamoja. Friza za kila mtafiti zisiruhusiwe kupita muda wa mradi, na hilo liandikwe kabla friza haijashushwa kwenye gari.

Kwa Malindi naunga mkono benki ya pamoja, ndogo: friza mbili za kazi na ya tatu tupu, karatasi za damu kavu, bila nitrojeni. Kila sampuli igawanywe mara mbili tangu siku ya kwanza, nusu ibaki Malindi na nusu ikae Kilifi kama akiba. Mkataba useme wazi kwamba nusu ile ya Kilifi haitolewi kwa mtu yeyote bila kamati ya Malindi kukubali. Mbogolo ikikatika tuna zetu, na friza zetu zikizimika ziko zao.

Benki hiyo ingewafaa majirani pia. Sampuli ya Lamu inavuka kwa boti hadi Mokowe, kisha inasafiri zaidi ya kilomita 200 kupitia Garsen kabla ya kuiona Malindi, na Mto Tana ukifurika hata njia hiyo haipitiki. Kwa hospitali za Lamu na Tana River, Malindi ndicho kituo cha kwanza chenye maana. Karatasi za damu kavu zije kwa gari, na za baridi zije kwa ratiba inayojulikana, siku ambazo msimamizi yupo kuzipokea.

Mkataba wa kuanzisha uwe na kifungu cha kufunga: fedha zikikoma, au uongozi ukibadilika na usiitake tena, sampuli zote na rejista yake ziende Kilifi ndani ya siku 90, wenyewe wajulishwe kupitia vituo vya afya na misikiti na makanisa, na anayetaka yake iharibiwe, iharibiwe. Kifungu hicho kitiwe sahihi na kaunti siku ile ile ya kutia sahihi ununuzi wa friza ya kwanza.